Usiulize Wati, Uliza Nyuzi: Kumfuga Mjusi Kwenye Baridi ya Mbeya

Kijana alifika kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya ule ubaridi wa Mbeya unaomfanya mtu aongee huku mikono iko kwapani. Alikuwa amebeba boksi la biskuti limefungwa kamba ya katani. Akaniamkia, akaliweka mezani, akasema, "Mwalimu, huyu leo siku ya tisa hajapata choo."

Ndani alilala mjusi wa ndevu, yule wa Australia, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Tumbo limevimba, ngozi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, macho nusu yamefumba. Kijana alimrithi kwa mwajiri wake, mgeni aliyekuja naye kutoka Afrika Kusini na makaratasi yake, akakaa naye Dar es Salaam miaka miwili, akahamia naye Mbeya, kisha akarudi kwao bila yeye. Pamoja na mjusi alirithi ukurasa wa daftari wenye maelekezo. Mstari wa juu kabisa uliandikwa: balbu ya wati 75, saa 12 kwa siku.

Kijana aliufuata mstari huo bila kukosa hata siku moja, na ndio uliokuwa unammaliza mjusi wake.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na kwa sababu hiyo tu watu wanadhani najua dawa ya kila kinachotambaa. Sijui. Ila nimeletewa mijusi ya kutosha kuona kwamba wengi wanaoanza kufuga hawakosi bidii wala huruma. Wanachokosa ni ushauri uliopimwa mahali walipo. Wanasoma mtandaoni, wanauliza rafiki aliye Nairobi au Johannesburg, wanapewa majibu matano yanayopingana, na wanachagua lile la mtu aliyeandika kwa kujiamini zaidi.

Tuanze na hilo neno tunalolikariri shuleni, kwamba mjusi ana damu baridi. Linapotosha. Panda kidogo mlima Loleza kwenye saa nne, jua likiwa limetoka, umtazame yule mjusi wa mawe mwenye kichwa cha rangi, anayeinua na kushusha kichwa kama mjumbe anayekubali hoja kikaoni. Damu yake wakati huo inaweza kuwa na joto sawa na la kwako au kukaribia sana. Tofauti ni chanzo. Wewe joto unalipika mwenyewe kutokana na ugali uliokula, yeye analiazima kwenye jua na jiwe. Akikosa pa kuazima, mwili mzima unashuka gia, na tumbo ndilo la kwanza kugoma. Vimeng'enya vya kusaga chakula vinataka joto lake. Chini ya hapo, panzi aliyemezwa anakaa tumboni kama alivyoingia, na akikaa sana anaoza mle mle. Kijana wa watu, alipoona mjusi amenyong'onyea, alimwongezea panzi.

Mchana ule tulipanda daladala hadi kwake Uyole. Kizimba kilikuwa tanki la kioo lililo wazi juu, balbu inaning'inia kwenye waya. Nilibeba vipimajoto viwili vya bruda, vile vya kulelea vifaranga vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kimoja nikakilaza juu ya tofali lililokuwa chini ya balbu, cha pili nikakiweka kona ya mbali. Tukanywa chai nusu saa. Chini ya balbu kikasoma nyuzi joto 29. Kona ya mbali, 17. Chumba chenyewe kilikuwa na 16.

Mjusi wa ndevu anataka mahali pa kuotea jua penye nyuzi 38 hadi 42. Alikuwa anakosa kama nyuzi kumi.

Hapo ndipo fundo lote lilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Balbu haina joto lake lililoandikwa pembeni. Wati zinakuambia inakula umeme kiasi gani, basi. Joto utakalolikuta chini yake ni joto la chumba pamoja na kile balbu inachoongeza, na kinachoongezwa kinategemea umbali, umbo la kizimba na hewa inavyopita. Balbu ile ilikuwa inaongeza kama nyuzi 13. Ukiiwasha Dar es Salaam kwenye chumba chenye nyuzi 27, unapata 40 chini yake, mjusi anaota raha mustarehe na mwenyewe anaandika kwenye daftari: wati 75. Ukiihamishia Uyole mwezi wa saba, kwenye chumba cha 16, unapata 29. Balbu ni ile ile na mjusi ni yule yule. Kilichobadilika ni mita 1,700 za mwinuko, na daftari halikuandika mwinuko.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "niweke balbu ya wati ngapi?" jibu la kweli ni kwamba swali halijakamilika. Muulize wewe: mjusi gani, chumba chako kina nyuzi ngapi usiku na mchana, umepima wapi na kwa kifaa gani? Akishindwa kujibu, usimpe wati. Mwambie akanunue vipimajoto viwili kwanza, ndipo arudi.

Mama yeyote wa Mwanjelwa aliyelea vifaranga mia mbili anajua jambo hili bila kulisomea. Hamuulizi mtu wati. Anawatazama tu. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta wanaungua, wakitawanyika wanadonoa mambo ni sawa. Mjusi naye anasema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini. Akiganda chini ya balbu kutwa nzima na kujigeuza mweusi, anajaribu kunyonya kila tone la joto. Akikaa kona ya mbali muda wote na hata kula hataki kusogea, upande wa moto umezidi. Mdomo wazi una maana mbili: mjusi wa ndevu anayeota akiachama ni kawaida yake, anapunguza joto, lakini akiachama akiwa kwenye kona ya baridi huku anapumua kwa shida, huyo ana tatizo la kifua.

Ndiyo maana kizimba kinatakiwa kiwe kirefu kuliko watu wanavyodhani. Mjusi hahitaji joto moja, anahitaji kuchagua. Upande mmoja uwe na moto wa kuotea, mwingine uwe na nafuu, na katikati awe na njia ya kutoka huku kwenda kule mara kumi kwa siku. Mjusi wa ndevu mkubwa mpe urefu wa sentimita 120. Kwenye ndoo au boksi dogo hakuna cha kuchagua, ataiva mzima au atapoa mzima.

Kwa kijana tulibadilisha mambo mawili. Tanki la kioo lililo wazi juu lilikuwa linatoa joto lote darini, kwa hiyo fundi seremala wa jirani akatengeneza kizimba cha plaiwudi chenye mlango wa kioo mbele na matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili. Kisha tukatafuta balbu. Hili lilichukua siku nzima, kwa sababu balbu za LED zimejaa kila duka na hazifai kwa kazi hii, kwa sababu ile ile inayotufanya tuzipende kwenye bili: hazipotezi umeme mwingi kuwa joto. Mwishowe tukapata ya halojeni ya wati 100, tukaifunga kwenye holda ya kigae. Holda ya plastiki italainika, na siku moja utakuta moshi. Tukaizungushia wavu, maana mjusi hana akili ya kuogopa balbu. Ataikumbatia na kuungua tumbo huku ametulia. Tukashusha na kupandisha holda hadi kipimajoto juu ya tofali kiliposoma 40 na kona ya mbali 23.

Siku ya pili jioni simu ikaita. "Mwalimu, ameenda! Mkubwa!" Sijawahi kufurahia habari ya choo namna ile.

Kuhusu vifaa, neno moja la tahadhari. Vile vipimajoto vya bunduki vilivyobaki tangu siku za korona, vya kumwelekezea mtu kwenye paji la uso, visikudanganye. Vimetengenezwa kukadiria joto la mwili wa binadamu na vinarekebisha namba kwa ajili hiyo. Ukikielekeza kwenye tofali kitakupa jibu la ajabu kwa kujiamini kabisa.

Sasa tumgeuze mnyama. Ukipanda Kosta ya Kyela pale Nanenane umevaa sweta, ukifika Uporoto unalifunga hadi shingoni, Tukuyu unafungua vifungo, Kyela unalikalia. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni kama 500. Kila ukishuka mita 1,000 hewa inaongezeka joto kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo safari ya masaa machache inakuvusha nyuzi saba hivi, na mijusi unaowapita njiani si walewale. Juu kule Uporoto na mlima Rungwe anaishi kinyonga mwenye pembe tatu, kwa jina la kitaalamu Trioceros fuelleborni, ambaye hatagi mayai bali anazaa watoto hai. Ukungu ndio kwao. Usiku wa nyuzi 12 kwake ni usingizi mnono, na mchana wa nyuzi 32 usio na kivuli unaweza kumuua.

Mweke huyo kwenye kile kizimba cha plaiwudi chenye nyuzi 40 na atakufa. Mweke mjusi wa ndevu kwenye kichaka cha Uporoto naye atakufa, pengine taratibu zaidi. Basi ukiwasikia wawili wanabishana, mmoja anasema mjusi bila taa kali hali, mwingine anasema taa ndiyo inayoua, usiharakishe kumtafuta mwongo. Kila mmoja ana mnyama wake kichwani na amesahau kumtaja. Wa tatu atakuja na yule mjusi kafiri wa madoa ya chui, wa Pakistan na Afghanistan, anayependwa sana na wanaoanza kwa sababu ni mpole. Huyo anatoka mafichoni jua likizama na usiku, anapata joto lake zaidi kutoka kwenye jiwe lililobaki na moto, na sakafu ya nyuzi 32 hadi 34 upande mmoja inamtosha. Hao ni watatu tu, na joto linalomfaa kila mmoja ni tofauti.

Sasa nikiri kosa langu. Wiki ile ile ya furaha ya choo, kijana aliniuliza kuhusu jua. Nikamwambia, bila kufikiri, asogeze kizimba dirishani ili mjusi apate jua la asubuhi kupitia kioo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusahihisha mitihani. Akafanya kama nilivyosema.

Mwezi wa kumi alinirudia. Mjusi alikuwa anakula, anapata choo, rangi yake nzuri ya mchanga. Lakini alitembea kama anayeburuta kandambili, na nilipomgusa taya la chini lilibonyea kama kifutio. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepinda. Ni matege, yale yale yanayowapata watoto wanaofungiwa ndani.

Mfupa unajengwa kwa kalsiamu, na kalsiamu haiingii mwilini vizuri bila vitamini D3. Mjusi wa mchana anaitengeneza D3 kwenye ngozi yake akipigwa na miale ya urujuanimno aina ya B iliyomo kwenye jua. Kioo cha dirisha kinaizuia miale hiyo. Mwanga unapita, joto linapita, mjusi anaota, mwenye mjusi anaridhika, na kile kilichotafutwa kimebaki nje ya dirisha. Mimi mwalimu wa baiolojia nililijua hilo tangu chuoni. Nilijua kwa kujibia mtihani tu.

Na ajabu ni kwamba nyanda za juu zina utajiri wa miale hiyo. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuichuja inapungua. Kila mita 1,000 miale inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana mtu anakwenda Kitulo kutazama maua, anatetemeka siku nzima, na kesho yake pua inabanduka. Baridi haimaanishi jua dhaifu. Kwa hiyo badala ya kuagiza taa za gharama kutoka ng'ambo, mfugaji wa huku anaweza kutumia kizimba cha wavu, nje, mahali pasipo upepo, nusu yake iwe na kivuli, nusu saa kwa siku mara kadhaa kwa wiki. Usimwache peke yake, mwewe na paka nao wanasoma ratiba. Na usitoe tanki la kioo juani hata kwa dakika kumi: linageuka tanuri, na ndani hakuna pa kukimbilia.

Ukiamua kununua taa ya urujuanimno, ujue inachoka kabla haijazimika. Baada ya miezi sita hadi kumi na mbili, kutegemea aina, bado inang'aa vizuri machoni pako lakini miale imekwisha. Andika tarehe ya kuinunua kwa kalamu ya wino mzito kwenye holda. Tena zile taa za zambarau za kukagulia noti bandia dukani si hizo. Nimekuta mtu amemwekea kinyonga mojawapo. Zinatoa miale ya aina nyingine, haijengi mfupa.

Upande wa pili wa matege ni chakula. Panzi na nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, tena kwa mbali, wakati mjusi anahitaji kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Ukimlisha wadudu watupu, mwili wake unakwenda kukopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Wenzetu wa nje wananunua unga maalumu. Huku tunayo maganda ya mayai: yachemshe, yakaushe, yasage hadi yawe laini kama poda ya mtoto. Tia wadudu kwenye kopo na unga kidogo, tikisa, mpe mjusi kabla hawajajikung'uta. Chokaa ya kuku ya dukani nayo inafaa kama ni chokaa tupu. Lakini soma mfuko. Ile DCP wanayochanganyia chakula cha kuku, na unga wa mifupa, vina fosforasi ndani yake, na fosforasi ndiyo tayari imezidi. Muuzaji atakuambia "yote ni kalsiamu tu," na kwa kuku wake yuko sahihi.

Mjusi wa ndevu aliyekomaa anakula majani kuliko wadudu. Sukuma wiki inafaa. Mchicha, ambao ndio kila mtu anaukimbilia, una oksalati inayoishika kalsiamu isitumike, kwa hiyo uwe wa nadra. Parachichi, hata kama limeinunulia nusu ya Rungwe mabati mapya, usimpe. Lina kemikali inayodhuru ndege na wanyama wengi na hakuna sababu ya kulijaribu kwa mjusi.

Wadudu wa kuokota ni mtihani wa aina yake hapa kwetu. Uyole, Uporoto, hadi Makete, kuna viazi, na palipo na viazi kuna bomba la dawa mgongoni mwa mtu. Panzi aliyetoka kwenye shamba lililopuliziwa juzi anaonekana mzima, tena mzembe, rahisi kukamata. Urahisi huo ndio dalili ya kukufanya umwache. Waache pia panzi wa rangi kali wanaotembea bila haraka kana kwamba hawaogopi kuliwa. Hawaogopi kwa sababu wana sumu. Vimulimuli nao ni hivyo, baadhi yao wamekwisha kuua mijusi ya kufugwa. Kilicho bora ni kufuga nyenje wako kwenye ndoo yenye trei za mayai, uwalishe mboga na pumba. Asiwepo mdudu mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi.

Mengine ni mafupi. Sakafuni tandika gazeti au vigae, si mchanga, maana mjusi anayelenga panzi anameza na sakafu. Maranda ya mpaini kutoka Mufindi ni mazuri kwa kuku ila kwa mjusi yana vumbi na harufu ya utomvu, na akiyameza yanaziba. Madume wawili wasikae pamoja. Mgeni mpe wiki mbili bila kushikwashikwa. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, anaramba matone kwenye majani, kwa hiyo mwenye kinyonga anayesema "maji nimemwekea" hajamwekea. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa mjusi au vyombo vyake, visioshwe jikoni, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike kabisa. Mijusi wengi wazima wa afya wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila wao kuumwa. Kuhusu wale wanaoogopa sumu, hakuna mjusi wa Tanzania anayejulikana kuwa na sumu ya kumdhuru binadamu, ingawa kenge atakuchana vizuri tu.

Umeme ukikatika usiku wa mwezi wa saba, usiingize jiko la mkaa chumbani. Kila mwaka tunasikia misiba ya hewa ya sumu ya mkaa, na mjusi si sababu ya kuongeza mwingine. Jaza maji ya moto kwenye chupa mbili, zifunge kwa kitambaa, ziweke ndani ya boksi pamoja naye, funika blanketi huku ukiacha pa kupumulia. Na asilishwe hadi joto lirudi. Mjusi mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, lakini hawezi kukaa na panzi anayeoza tumboni.

Akiumwa, ukweli ni kwamba madaktari wa wanyama wanaomjua mjusi ni wachache, na chuo kinachowafundisha madaktari wa mifugo, Sokoine pale Morogoro, kiko zaidi ya kilomita 600 kutoka Mbeya. Hilo lisikupeleke dukani kununua dawa ya minyoo ya mbuzi na kukisia kipimo kwa macho. Ivermektini inayouzwa kila mahali inajulikana kuua kobe. Piga picha, pima uzito kwa mizani ya jikoni ya gramu, andika anachokula na nyuzi za kizimba kwa siku saba, kisha mpigie daktari ukiwa na namba mkononi. Daktari wa ng'ombe mwenye namba atakusaidia zaidi ya bingwa asiye na namba.

Nirudi kwenye tarehe, kwa sababu ndiko ushauri mbaya unakojificha. Kosa langu la dirisha lilifanyika mwezi wa saba, taya likalainika mwezi wa kumi. Katikati pale, kijana angeulizwa, angesema ushauri wa mwalimu ni mzuri, mjusi anakula. Angemwambia na mwenzake. Kuku ukimkosea, kesho asubuhi unamkuta chali na unajua umekosea nini. Mjusi anaishi taratibu na anakufa taratibu, na siku anapokufa kila mtu analaumu alichokula jana. Ndiyo maana mtu anayesema "wangu ninaye mwezi wa tatu, hajambo" bado hajasema kitu. Mjusi wa ndevu aliyetunzwa vizuri anafika miaka kumi hivi, yule wa madoa ya chui anaweza kupita kumi na tano. Mshauri muulize wake wana miaka mingapi, na waliokufa walikufa na nini. Asiyewahi kufiwa na mjusi ama ameanza jana au anaficha.

Yule wa kijana alipona nusu. Taya limekaza, mguu umebaki na pindo, anapanda tofali kwa upande kama mzee anayeingia kwenye Kosta. Kila asubuhi kijana anaandika namba mbili kwenye daftari lile lile, chini ya mstari wa wati 75 ambao ameukata kwa kalamu nyekundu.

Mwaka huu mtoto wa jirani yake alikuja na kinyonga wa pembe tatu, ameletewa na mjomba kutoka Isongole, ndani ya tanki la kioo. Kijana, ambaye sasa mtaani anaitwa daktari wa mijusi, hakusema kitu kuhusu taa. Aliuliza huyu ni nani, anatoka wapi, kisha akanipigia. Kwa hilo jibu lilikuwa fupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na kumkamata bila kibali ni kosa hata kama ulimkuta kwenye ua wako. Jenasi yake imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuwasafirisha wanyamapori hai nje ya nchi serikali ilikusimamisha mwaka 2016. Hata mjusi wa kigeni anahitaji vibali vya kumwingiza; karatasi za yule wa ndevu tulishazipeleka kwa Afisa Wanyamapori. Mtoto alinuna. Nikamwambia kwamba mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya huku kwetu waliiita Kinyongia, kwa neno letu, na kwamba kumtazama mahali anapoishi hakuhitaji balbu wala kizimba. Akazidi kununa.

Jumapili tukaenda Isongole sote watatu. Mjomba akatuonyesha ua wa miti alikomkamata. Ukungu ulikuwa haujainuka, kipimajoto cha bruda, ambacho kijana haachi nyumbani siku hizi, kilisoma 13. Mtoto akafungua boksi, akaweka mkono karibu na tawi. Kinyonga akatulia, jicho moja kwetu, jingine juu, kisha akaanza kupanda, mguu mmoja baada ya mwingine, akiyumba kila hatua. Ilimchukua muda mrefu kufika kwenye majani, na mtoto hakuondoa mkono hadi mkia ulipomalizika.